Sahani kabla ya sindano: kisa cha mama mwenye kisukari, mimba ya pili na mtoto wa miaka 3

Kisa hiki na namna kilivyoandikwa

Mama ninayemuelezea hapa anaishi shamba, Pemba. Nilimhudumia tokea wiki ya 14 ya mimba yake ya pili mpaka mtoto alipotimiza miezi 6. Ameridhia niandike, na nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa. Jina lake, shehia (eneo dogo la utawala), kituo na hospitali nimeviacha, na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyabadilisha asije akajulikana. Namba za sukari na mfuatano wa matukio ni kama yalivyo kwenye kadi yake na kwenye daftari langu. Nitamwita Bi M.

Naandika kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa jamii. Bi M alikaribia kutupotea kwa sababu ya bakuli la uji wa mtoto, na sisi tuliompa sindano hatukuwa tumemuuliza nani anamlisha mtoto huyo asubuhi.

Nyumba na watu wake

Bi M ana miaka 31. Mumewe ni mvuvi, huenda dago (kambi ya wavuvi) na kukaa huko wiki 2 au 3 kabla ya kurudi. Nyumbani wapo mama mkwe, wifi mdogo anayekwenda skuli alfajiri, na mtoto wa kiume aliyekuwa na miaka 3 na kitu wakati kisa kinaanza. Umeme upo, friji haipo. Maji ya bomba hutoka kwa saa chache asubuhi, na anayechelewa huchota kisimani.

Mimba yake ya kwanza sukari iligundulika mwezi wa 8 wa mimba. Alijifungua kwa operesheni, mtoto wa kilo 4.4, akaambiwa sukari ya mimba huondoka na mimba. Kwa wanawake wengi ni kweli, kondo la nyuma likishatoka sukari hurudi chini. Lakini mwanamke huyo hubaki katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu, ndiyo maana anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Bi M hakuambiwa hilo. Mtoto alipelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, akapelekwa tena miezi 9 na miezi 18. Mara 5 mama huyu alikaa kwenye benchi la kituo kadi ya mtoto ikiwa mkononi, na kidole chake hakuna aliyekigusa.

Baada ya miaka 2 hivi akaanza kuona kiu, kuamka usiku kwenda chooni, na kuwashwa. Sukari ilikuwa 13 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari hapa). Akaanzishiwa metformini, vidonge vya kushusha sukari, akawa anakunywa.

Mimba ya pili

Siku aliyojua kuwa ana mimba aliacha dawa. Jirani alimwambia dawa za sukari zinamuunguza mtoto tumboni, naye hakutaka kuja kuuliza kwa sababu alijua atakemewa kwa kushika mimba sukari ikiwa juu. Alikaa wiki 5 bila dawa yoyote. Metformini haina sifa hiyo aliyoambiwa, na madaktari wengi huitumia kwa wajawazito. Kuna dawa nyengine za presha na za mafuta kwenye damu ambazo kweli hubidi ziachwe mimba ikiingia, lakini yeye hakuwa nazo.

Alipokuja wiki ya 14, sukari kabla ya kula ilikuwa 9.8, na saa 2 baada ya kula 14.2. Presha ilikuwa nzuri. Kwa mja mzito tunataka kabla ya kula iwe chini ya 5.3, na saa 2 baada ya kula iwe chini ya 6.7. Vidonge vya foliki vya miligramu 5, ambavyo mwenye kisukari angepaswa kuvianza kabla ya mimba, vilikuwa vimeshapitwa na kazi yao kubwa, kwani uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 za mwanzo tokea mimba kutunga.

Hospitali ilimuanzishia insulini ya mchanganyiko, ile yenye weupe ambayo sehemu yake hufanya kazi haraka na sehemu kubwa hufanya kazi taratibu. Uniti 12 asubuhi na 8 jioni, pamoja na aspirini ndogo ya kumkinga na kifafa cha mimba. (Dozi hizi ni zake yeye, zilipimwa na daktari wake. Msomaji asizichukue.)

Kumfundisha kuchoma ilikuwa kazi yangu. Alifahamu upesi: kuiviringisha chupa viganjani bila ya kuitikisa, kubadilisha mahali pa kuchoma, kutoa hewa kwenye bomba. Nikamuandikia kwenye kadi: "Choma saa 12:30 asubuhi, kula saa 1:00." Akaitikia kwa kichwa. Niliona nimemaliza.

Asubuhi ya karafuu

Wiki ya 17 ilimkuta katikati ya msimu. Karafuu zikianza, Pemba haibaki nyumba yenye mtu mzima aliyekaa. Mwenye nguvu anachuma, asiyeweza kupanda anachambua na kulipwa kwa pishi, na majamvi yametandikwa mpaka kando ya barabara. Mama mkwe alikuwa akitoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kuchambua. Mume yuko dago, wifi yuko skuli.

Saa 12:30 Bi M alijichoma nyuma ya pazia, kama alivyokuwa akifanya kila siku, ili mama mkwe asimuone. Muhogo ulikuwa jikoni, bado kuiva. Mtoto akaamka kajikojolea. Akamuogesha, akamvisha, akafua shuka. Akakaa kumlisha uji, mtoto akaukataa, akataka chai, chai ikamwagika, akarudi kwenye uji. Saa 1:20 bado anamlisha. Mtoto siku ile baadaye alipata hamu akaumaliza uji wote, na mama akafurahi. Saa 1:45 maji yakatoka, akajaza ndoo 6. Saa 2:30 muhogo umeshaiva na kupoa, yeye hajauonja. Alijiambia anakuna nazi mara moja, kisha atakula.

Akakaa kwenye mbuzi. Anakumbuka jasho, na kwamba mikono ilikuwa ikitetemeka akadhani ni uchovu wa ndoo. Hakumbuki zaidi ya hapo.

Mtoto alikwenda kwa jirani akamwambia: "Mama hataki kunisemesha." Jirani alikuwa anachambua karafuu barazani, akacheka: "Kakuchokea, mwanangu, kacheze." Mtoto akaenda, akarudi: "Mama kamwaga nazi." Hapo jirani akainuka. Alinieleza mwenyewe kuwa neno la kwanza halikumshtua, lakini mtu aliyekaa kwenye mbuzi hamwagi nazi akaiacha.

Alimkuta ameegemea ukuta, macho wazi, jasho linamtiririka, anabwabwaja maneno yasiyofahamika. Wakakusanyika wanawake 4. Mmoja akasema kapandwa, akaanza kumsomea. Mwengine alitaka kumtia maji mdomoni. Jirani akamtuma mtoto wake mkubwa mbio kwa mhudumu wa afya wa shehia, nyumba ya tatu kutoka pale, ambaye ana mashine ya kupimia.

Sukari ilikuwa 2.1. Chini ya 3.9 tayari tunasema imeshuka, na kwenye 2 ubongo haupati chakula chake. Mhudumu alimwita jina kwa sauti, akamgusa, akaona anageuza macho na anaweza kumeza akiambiwa ameze. Ndipo akampa vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu kikombe cha maji, kidogo kidogo. Angekuwa hamezi, asingemtia kitu mdomoni. Angemlaza ubavu na kutafuta gari. Baada ya dakika 15 alimpima: 3.4. Akampa tena. Ikafika 5.2. Kisha akamlazimisha kula muhogo na samaki palepale, kwani ile sehemu ya insulini inayokwenda taratibu ilikuwa bado na saa nyingi za kufanya kazi, na sukari ya kijiko huisha upesi. Mhudumu huyu alikuwa na mafunzo ya siku chache tu juu ya jambo hili. Alifanya kila kitu kwa mpangilio wake.

Kituoni moyo wa mtoto tumboni ulisikika vizuri kwa mashine. Nikamshauri asicheleweshe kula. Sasa ninapoyasoma maneno hayo kwenye daftari langu naona uzito wake kwangu. Nilimwambia jambo ambalo alikuwa akilijua, kama kwamba alichelewa kwa kupenda.

Siku 9 za kimya

Alirudi baada ya siku 10. Kabla ya kula 10.6, baada ya kula 13.9. Nilidhani dozi imekuwa ndogo, na nilishashika kalamu kuiandikia hospitali waiongeze. Kilichonizuia ni mabomba ya sindano. Nilimpa ya kutosha mpaka siku ile, na mfukoni mwake yalikuwa yamebaki 9.

Nilimuuliza taratibu. Akanyamaza, kisha akalia. Tokea siku ile hakuchoma sindano ya asubuhi hata mara moja. Alisema: "Bora sukari ipande, dada, kuliko mwanangu anikute nimekufa na yeye hajui kama nimekufa."

Nilikuwa na majibu yote ya kitabu: sukari ya juu humfanya mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi, huongeza maji ya uzazi, hupandisha hatari ya kifafa cha mimba na ya mtoto kufia tumboni. Sikuyasema. Hofu yake ilikuwa na sababu, na mimi ndiye niliyemuandikia saa ya kuchoma bila ya kuuliza saa hiyo ina nini ndani yake. Nilimuomba ruhusa niende kwake asubuhi.

Tulipokaa jikoni kwake

Tulifika kabla ya jua kuchomoza, mimi na mhudumu wa shehia, tukakaa kwenye vibao jikoni mpaka saa 4. Tulichofanya ni kuandika saa na kinachotokea. Kama kuna kitu kimoja ningependa mwenzangu akichukue kutoka kwenye kisa hiki ni asubuhi hiyo moja, kwa sababu ilitufundisha zaidi ya ziara 3 za kliniki.

Tonge lake la kwanza la chakula chake mwenyewe lilikuwa saa 3:10. Nilimuuliza: umekula kitu kabla ya hapo? Akajibu kwa moyo safi: "Sijatia kitu mdomoni." Kwenye daftari letu tulikuwa tumeandika mara 11. Vijiko vya uji alivyoonja kama umepoa. Uji uliobaki, wenye sukari na maziwa, aliumaliza ili usitupwe. Ukoko wa boflo uliochovywa chai. Nusu ya ndizi mbivu aliyoitema mtoto. Vyote pamoja vilifika kikombe kimoja na zaidi, na havikuwa chakula kwa hesabu yake kwa sababu havikuwa vyake.

Tulipofungua daftari la vipimo tukaelewa kwa nini sukari ilikuwa ikipanda na kushuka bila ya mpango. Siku mtoto anapokataa kula, mama humalizia na sukari hupanda. Siku mtoto anapokula vizuri, mama habakishiwi kitu na sukari hushuka. Asubuhi ya karafuu ilikuwa siku ambayo mtoto alimaliza uji wote. Sukari ya Bi M ilikuwa ikifuata hamu ya mtoto wa miaka 3, na hospitali ilikuwa inapanga dozi kwa mama anayekula saa 1:00 kamili.

Tuliona na mengine. Chupa ya insulini ya akiba aliiweka kwenye friji ya duka la jirani, karibu na barafu, na ilikuwa imeganda. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima, kwa hiyo tuliitupa. Mabomba yaliyotumika yalikuwa kwenye kopo la biskuti kwenye rafu ya chini, na mtoto alishawahi kulifungua akawa "anamchoma" mbuzi wa jirani. Hili lilinitisha kuliko chupa.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kumwambia mama mkwe, na lilikuwa gumu kuliko yote. Bi M alikuwa anaficha sindano kwa sababu ya kauli inayosikika kila kijiji, kwamba ukishaanza sindano ya sukari ndio mwisho wako. Hakutaka mume aambiwe kwamba mkewe anakwisha. Alikubali nimwambie mimi, yeye akiwepo.

Nilimwamkia bibi, tukazungumza karafuu kwanza, kisha nikamueleza. Alinyamaza muda. Halafu akamgeukia mkwewe: "Kumbe ndio unajificha nyuma ya pazia, mwanangu? Mie nikidhani nimekukosea." Akauliza kama sindano zitakuwa za maisha. Nikamwambia ukweli: katika mimba hii ndiyo salama zaidi, na baada ya kujifungua daktari ataangalia upya. Akataka kumchemshia mwarobaini. Nikamuomba asifanye hivyo, kwa kuwa hatujui unashusha kiasi gani juu ya sindano, na kuna mtoto tumboni. Hakufurahi, lakini aliacha. Mwisho akasema: "Basi asubuhi huyu mjukuu ni wangu. Karafuu zitanisubiri mpaka saa 2." Kwa mtu anayelipwa kwa pishi, saa hizo ni pesa, na alizitoa msimu mzima.

La pili lilikuwa kupindua mpangilio. Badala ya sindano, kisha kusubiri, kisha chakula, tuliweka sahani kwanza. Chakula cha Bi M kinaiva, kinapakuliwa, kinafunikwa kawa, kinawekwa mbele yake. Ndipo anachoma. Kama sahani haipo, sindano haipo, hata saa iwe imefika. Nilimpigia daktari wa hospitali, kwa sababu insulini ya aina ile hutakiwa kuchomwa nusu saa kabla ya kula na sikutaka kuamua peke yangu. Tukakubaliana dakika 15, tukijua sukari ya baada ya kula itakuwa juu kidogo. Daktari alisema yuko tayari kuipokea 7.5 ya mama anayechoma kila siku kuliko 6.5 ya mama anayekimbia sindano. Nilikubaliana naye wakati ule na nakubaliana naye leo.

La tatu: makombo ya mtoto ni ya kuku. Tulipolisema Bi M alicheka, kisha akasema inamuuma kumwaga chakula. Bibi ndiye aliyelimaliza: kuku akila, mtoto atakula yai.

Chakula cha mchana kilituchukua muda mrefu zaidi. Nyumbani wanawake hula pamoja sinia moja, na kumwambia mja mzito ajipakulie sahani yake ni kumwambia ajitenge. Alijaribu siku 2 akaacha. Tukafanya hivi: anakaa sinia moja na wenzake, lakini upande wake wali hutiwa kwa kikombe, vikombe 2 vidogo, na mchicha au matembele na samaki huwa mbele yake kwa wingi. Anaanza na mboga na samaki, wali baadaye. Muhogo, majimbi na viazi vikuu si vibaya kwake. Vinahesabiwa kama wali, na siku vikiwepo wali haupo. Juisi ziliondoka kabisa.

Insulini inayotumika iliwekwa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo chini, chupa ikiwa kwenye kikopo kikavu juu yake, mahali penye kivuli na upepo. Tarehe ya kufunguliwa iliandikwa, na baada ya wiki 4 ilitupwa hata kama imebaki. Za akiba zilikaa kwenye friji ya kituo. Mabomba yaliyotumika yaliingia kwenye dumu gumu lenye kifuniko, likaning'inizwa kwenye boriti.

Juu ya mtoto tulibishana, mimi na mhudumu. Yeye alitaka tumfundishe kumpa mama tende. Mimi nilikataa. Mtoto wa miaka 3 anaweza kumtia tende mdomoni mama asiyeweza kutafuna, na ni mzigo mkubwa mno kwa mtoto kuambiwa maisha ya mamake yako mkononi mwake. Tulimfundisha kitu kimoja, ambacho alikuwa ameshakifanya mwenyewe: mama asipojibu, nenda kwa jirani. Na jirani tukamwambia asimrudishe tena.

Stripu za kupimia hazikutosha kupima mara 4 kila siku. Tulichagua siku 2 za wiki za kupima mara zote 4, na siku nyengine kabla ya kula tu, pamoja na anapohisi vibaya. Hospitali ilipata picha ya kutosha ya kupandisha dozi. Na ilibidi ipandishwe: kuanzia wiki ya 20 na kitu kondo la nyuma huufanya mwili uikatae insulini kidogo kidogo, na kufika wiki ya 33 Bi M alikuwa anachoma zaidi ya mara 2 ya alipoanzia. Tulimwambia mapema kuwa hilo litatokea, asije akadhani ndio "mwisho" ule unaosemwa.

Ramadhani

Mwezi uliingia akiwa wiki ya 34. Suala la kufunga lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na wanazuoni wamemuingiza humo mja mzito anayehofia nafsi yake au mwanawe. Shekhe wa msikiti wao alimwambia wazi asifunge.

Shida ilikuwa kula katika nyumba isiyokula. Asubuhi hakuna moto jikoni. Wageni wanaingia. Akijificha ale, mtoto humuona na kupiga kelele mpaka njiani: "Mama anakula mchana!" Wiki ya kwanza alirudi kuchelewesha kwa kuona haya, akashuka mara 2, 3.3 na 3.6, akajitibu mwenyewe. Alinipigia siku ile ile, na hiyo ilikuwa tofauti kubwa na mara ya mwanzo. Bibi akaanza kumuwekea sahani wakati wa daku, ikifunikwa kawa mpaka asubuhi, na akamwambia mjukuu mbele ya watu: mamako anakula kwa amri ya daktari na shekhe. Jioni, kaimati na tambi zilikuwa mbele yake kila siku. Alikula baadhi ya siku. Daftari linaonesha 9 na 10 baada ya futari mara 5, na sikumlaumu.

Kujifungua

Wiki ya 38 alijifungua kwa operesheni iliyopangwa, mtoto wa kike wa kilo 3.6. Sukari ya mtoto saa ya kwanza ilikuwa 2.2. Alinyonyeshwa papo hapo, na baada ya hapo ikawa 2.9, hakuhitaji dripu. Watoto wa mama wenye sukari hushuka hivi kwa sababu wamezoea kupokea sukari nyingi, kongosho lao linaendelea kutoa insulini nyingi baada ya kitovu kukatwa, kwa hiyo tulikuwa tumeshamuandaa Bi M adai kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Insulini yake mwenyewe ilisimamishwa siku ile, akarejeshewa metformini, ambayo haimzuii kunyonyesha.

Arubaini ilikuwa na mtihani wake: uji wa pilipili manga wenye sukari nyingi, kila jamaa na bakuli lake, "upate maziwa". Bibi aliupika bila ya sukari na akawa mkali kwa wageni.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni sahani kuwa ndiyo saa. Kati ya wiki ya 19 na Ramadhani hakushuka chini ya 3.9 hata mara moja katika vipimo vyetu, na vipimo vingi vya kabla ya kula vilikaa kati ya 4.8 na 5.6. Insulini ilikuwa ile ile, na dozi ilipanda kadiri mimba ilivyokua. Kilichobadilika ni mtu wa kumlisha mtoto.

Mama mkwe aliifanya kazi ambayo mimi nisingeweza kuifanya, na nilichelewa kumfikia. Siri ya nyuma ya pazia niliijua tokea wiki ya 15, Bi M aliniambia. Niliiona kama faragha yake ya kuheshimiwa. Faragha yake ilikuwa kweli, lakini ningemuuliza anaogopa nini, tungefika kwa bibi kabla ya asubuhi ya karafuu.

Hofu ya kushuka haikuwa kwenye kadi yetu. Tunauliza kama amechoma, hatuulizi kama anaogopa kuchoma. Nisingehesabu mabomba ningeomba dozi iongezwe kwa mama asiyechoma, na siku ambayo angeichoma dozi hiyo mpya yote, ingekuwa asubuhi mbaya kuliko ile ya kwanza.

Nyuma ya yote hayo kuna makosa yaliyotangulia mimba: mara 5 za chanjo bila kipimo, na mwanamke mwenye kisukari aliyepewa dawa bila ya kuulizwa kama anatarajia kuzaa tena. Kituoni kwetu sasa kila mama aliyekuwa na sukari ya mimba hupimwa siku ya chanjo ya wiki ya 10. Hatukuomba bajeti, tulihamisha mashine kutoka chumba kimoja hadi chengine. Na kwa kila mja mzito anayeanza insulini tunaandika jina la mtu anayemlisha mtoto asubuhi. Kati ya waliofuata, wapo waliojibu "hakuna", na kwao tulianza na hilo kabla ya kufungua chupa.

Yaliyobaki hayajakaa vizuri. Wiki 6 baada ya kujifungua sukari kabla ya kula ilikuwa 7.4, na bado anakunywa metformini. Uzazi wa mpango tuliuzungumza tukiwa tumechelewa, mume akiwa ameshaondoka tena dago, na mazungumzo na wote wawili yalifanyika miezi 4 baadaye. Macho yake hayakupimwa katika mimba, ilhali mimba huweza kuyaharakishia madhara ya sukari. Alipewa rufaa ya Unguja, boti na malazi yakashinda, safari ikaahirishwa mara 2, ya pili kwa sababu mtoto mkubwa alikuwa na homa. Mhudumu wa shehia amekubali kwenda naye, na bibi atabaki na mkubwa. Mdogo ananyonya, atakwenda naye.